Seramiki ya gari na maji ya Tanganyika: utando uliofunikwa si utando uliokufa

Malalamiko ni yaleyale, uyasikie Mwanga, Gungu au Ujiji hapa Kigoma. Mtu amegharamia gari lake lipakwe seramiki. Wiki za kwanza maji hayakai juu ya boneti, yanajikusanya matone na kukimbia, na majirani wanauliza gari limepulizwa rangi lini. Miezi michache baadaye boneti ina madoa meupe ya duara, maji yanatandaa na kulala palepale, mng'ao umepungua. Mwenye gari anaamua moja kati ya mawili: fundi alimpaka kitu feki, au seramiki imeisha. Kisha anakwenda dukani, ananunua waksi au polishi, na kuipaka juu.

Kwenye magari mengi ya namna hiyo seramiki ipo palepale ilipopakwa. Imefunikwa na magadi ya maji, yaani madini yanayobaki maji yakikauka, na mabaki ya sabuni, na vumbi lililogandamana na mafuta ya barabarani. Utando uliofunikwa hauwezi kufukuza maji kwa sababu maji hayaufikii. Ukiongeza waksi juu ya uchafu huo, unaufungia ndani. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bidhaa ya kumalizia ipi ni nzuri, lazima kwanza tujue kilichopo juu ya gari ni nini, na maji tunayooshea yanakifanya nini.

Kilichopakwa ni nini

Gari lililotoka kiwandani lina matabaka juu ya bati: praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia. Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayozuia jua lisiile rangi. Unene wake kwa kawaida ni mikromita 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Seramiki inakaa juu ya klia. Inapokuwa kwenye chupa ni kimiminika chenye kemikali za ukoo wa silika, madini yaleyale yanayounda mchanga na kioo, zikiwa zimeyeyushwa. Fundi akipaka, kiyeyushi kinaruka, kisha kemikali zilizobaki zinakutana na unyevu wa hewani, zinafungamana zenyewe kwa zenyewe, zinashika klia, na kuwa utando mgumu unaopitisha mwanga. Mara nyingi utando huo una mikromita 1 au 2 tu.

Kutokana na hapo yanatoka mambo mawili ambayo mwenye gari anapaswa kuyashika. La kwanza, seramiki iliyokomaa haiondoki kwa sabuni ya kawaida kama waksi inavyoondoka. La pili, inaondoka kwa kusuguliwa. Utando wa mikromita 2 hauna cha kupoteza mbele ya mashine ya polishi na kampaundi. Kila anayekwambia kwamba atakupigia polishi ili seramiki "irudi" anakwenda kuikwangua, na mng'ao utakaouona baadaye ni wa klia iliyobaki uchi.

Kuhusu ile 9H iliyoandikwa kwenye maboksi, watu wanapotezwa sana. Ni ngazi ya penseli. Maabara huchukua penseli za ugumu tofauti, kuanzia zile laini za B hadi ngumu za H, na kuzisukuma juu ya rangi kuona ni ipi itaacha mkwaruzo. 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote. Ngazi inayopima madini, ambayo almasi ni 10, ni ya Mohs, na hizo mbili hazihusiani. Kwenye ngazi ya Mohs punje ya mchanga wa kwazi ni 7, na klia pamoja na utando wake viko chini sana ya hapo. Vumbi letu jekundu lina oksidi za chuma zinazolipa rangi yake, na ndani yake zimo punje za mchanga. Kwa hiyo ile desturi ya kila asubuhi ya mlinzi au dereva kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa nia njema kabisa, inalikwaruza gari lenye seramiki kama inavyolikwaruza lisilo nayo. Liacheni vumbi mpaka litoke kwa maji.

Maji ya ziwa na doa jeupe

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na maelekezo mengi yanayoandikwa kwenye chupa, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda.

Tone la maji likianguka juu ya klia tupu hutandaa. Juu ya seramiki safi hujikunja na kusimama, ukingo wake ukifanya na bodi pembe inayozidi nyuzi 90. Kwa utando mzuri pembe hiyo hufika 100 hadi 110 na kidogo. Hicho ndicho watu wanacholipia, na kweli kinasaidia: tone lililosimama hubebwa na upepo au mteremko wa bodi na kuondoka na vumbi. Lakini tone ambalo halikuondoka hukaukia palepale. Maji yake yote yanapaa, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kinarundikana kwenye kiduara kimoja kidogo. Kwenye gari lisilo na seramiki maji yaleyale yangetandaa na kuacha ukungu mwembamba usioonekana haraka. Ndiyo maana gari lenye seramiki likiachwa likaukie juani linaweza kuonekana na madoa makali kuliko la jirani ambalo halijawahi kupakwa kitu. Wengine husema tone huichoma rangi kwa kukusanya mwanga wa jua kama lenzi. Kwenye bodi iliyo bapa tone limelalia rangi kwa karibu mno kuweza kufanya hivyo. Kinachoacha alama ni madini.

Na maji ya Tanganyika yana madini mengi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoliacha ziwa hayapiti Lukuga. Yanapaa kama mvuke. Mvuke hupaa mtupu, chumvichumvi zinabaki, na mambo yamekwenda hivyo kwa maelfu ya miaka. Juu ya hayo, mto Ruzizi unaleta kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano, maji yaliyobeba madini tayari. Matokeo yake ni maji yenye pH (kipimo cha uasidi, ambacho 7 ni katikati na zaidi ya hapo ni upande wa magadi) inayokaribia 9, yenye magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, pamoja na sodiamu na bikaboneti kwa wingi. Ukikausha lita moja ya maji hayo, yanayobaki ni kama theluthi moja ya gramu au zaidi ya unga mweupe. Mama yeyote anayechemsha maji ya bomba hapa mjini anaujua unga huo. Ndio utando unaoganda ndani ya birika.

Maji ya bomba ya Kigoma Ujiji yanatoka ziwani. Kuyasafisha kwa ajili ya kunywa hakuondoi madini hayo, wala hakuna sababu ya kuyaondoa, kwa kuwa kwa mwanadamu hayana madhara. Kwa boneti nyeusi iliyokaa juani, ambayo joto lake linaweza kufika nyuzi 60 na kupita, ni habari nyingine. Doa la siku moja liko juu ya utando tu na linatoka kirahisi. Likiachwa wiki kadhaa, likalowa umande usiku na kukauka mchana, magadi yake yanaanza kuula utando na kisha klia iliyo chini. Hapo linakuwa shimo dogo, na shimo halioshwi kwa dawa yoyote.

Kuna maji mengine tunayopewa bure kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Mvua haina madini kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu imetoka mawinguni. Mvua za kwanza ni chafu, zinashusha vumbi la kiangazi na moshi wa nyasi zilizochomwa, basi ziacheni zioshe mapaa na mabomba. Baada ya hapo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki ni maji bora kabisa ya suuza ya mwisho, na sioni bidhaa yoyote ya dukani itakayolifaidi gari lenye seramiki hapa Kigoma kuliko hayo. Osha kwa maji ya bomba kama kawaida, kisha mwishoni lisuuze gari kwa maji ya mvua kutoka kwenye keni ya kumwagilia maua, kuanzia paa kushuka. Ndoo moja ya lita 20 inatosha gari dogo. Keni isiwe imewahi kubeba dawa ya shambani.

Kwa wanaopeleka magari ufukweni kuyaoshea ziwani moja kwa moja, pamoja na hilo la madini kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za maziwa na mito, na sabuni na grisi za gari ni sumu kwa samaki wadogo wa miambani ambao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Tusilisafishe gari kwa kulichafua ziwa.

Kuosha

Sitalirefusha hili, kwa kuwa kanuni zake zinafahamika kwa wengi. Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Iguse kwa mgongo wa mkono kwanza. Mwagia maji ya kutosha ili mchanga uondoke kabla kitambaa hakijagusa chochote. Tumia shampuu ya gari ambayo pH yake ni ya katikati, isiyo na waksi ndani yake. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi, inaacha mabaki yake juu ya utando na kuukausha mpira wa madirisha. Ndoo ziwe mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia glavu, na rimu ziwe na kitambaa chao peke yake. Sifongo iliyookotwa chini ikapigwapigwa tu isirudi kwenye gari.

Kukausha ndiko wengi wanakokuruka, na kwa maji yetu ndiyo nusu ya kazi. Taulo kubwa nene ya maikrofaiba ilazwe juu ya boneti iliyolowa, ivutwe taratibu kuelekea kwako bila kukandamizwa. Usiondoke kwenda kunywa chai ukisema jua litamalizia.

Kulifunua gari

Sasa turudi kwa yule mwenye boneti isiyofukuza maji. Kabla hajanunua chochote, afanye jaribio kwenye eneo dogo. Azungushie selotepu ya wapiga rangi kipande cha boneti, upana wa kama viganja viwili, na akisafishe hicho tu kwa hatua.

Kwanza shampuu, kama ilivyoelezwa. Kisha aangalie kama kuna lami. Wanaosafiri njia ya Kasulu na Kibondo wanajua vitone vyeusi vinavyoganda sehemu za chini za milango kazi za barabara zinapoendelea. Dawa ya kuondoa lami huvilainisha na vikafutika. Mafuta ya taa nayo huvitoa, ila yanaacha filamu ya mafuta ambayo yenyewe hufunika utando, kwa hiyo lazima paoshwe tena kwa shampuu. Mawese ni hivyohivyo. Dumu likivuja nyuma ya gari, mafuta yanashuka kwenye bampa, yanaganda usiku na kulainika mchana, yakikusanya vumbi. Maji ya uvuguvugu na shampuu yanayamaliza.

Baada ya hapo ndipo inakuja zamu ya magadi, na magadi yanaogopa asidi dhaifu. Zipo dawa maalumu za kuondoa madoa ya maji. Asiyezipata achukue siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi ya kama asilimia 5, aichanganye na maji ya mvua nusu kwa nusu. Kitambaa kilicholoweshwa mchanganyiko huo kilazwe juu ya kipande kile kwa dakika moja hivi, kifute bila kukandamiza, kisha pasuuzwe kwa maji mengi. Siki isikaukie hapo, isiguse alumini iliyo wazi, na kamwe isikutane na jiki: vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Tindikali ya betri na dawa za kusafishia vyoo hazina nafasi hata kidogo kwenye gari, hata kama utamwona mtu anasafishia rimu kwazo na zikatakata mbele ya macho yako.

Magari yanayolala karibu na stesheni yanaweza kuwa na jambo la ziada. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo breki za treni zinasaga chuma. Vumbi la chuma linaporuka na kutua juu ya bodi hupata kutu na kujishikiza, na breki za gari lako mwenyewe zinafanya vilevile kwenye rimu. Ukipitisha mkono juu ya gari safi ukahisi vijipele, huenda ni hivyo. Ipo dawa yake, ambayo ikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau, inanuka vibaya, na haikwaruzi. Ipuliziwe kivulini, isuuzwe kabla haijakauka, na isichanganywe na siki. Udongo wa kusugulia ambao mafundi hutumia kung'oa vijipele uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu huo unasugua kweli.

Sasa amwagie kipande kile maji ya mvua. Kama matone yanasimama ndani ya selotepu na nje yake maji yamelala, amepata jibu: utando uko hai, na gari zima linahitaji kusafishwa hivyohivyo. Fundi hakumdanganya. Kama hata baada ya yote hayo maji yanatandaa, afanye jaribio jingine mlangoni. Boneti na paa hupigwa na jua na kulaliwa na maji, ndiyo maana utando wake hufa mapema, ilhali wa milangoni unaweza kuwa bado una nguvu.

Cha kupaka juu

Chupa za bidhaa za kumalizia zote zinaahidi mng'ao, na zimepangwa rafu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa gari lenye seramiki ningeanza na swali hili: ndani kuna kinachosugua au hakuna? Polishi inayo. Bidhaa ya "vyote kwa pamoja", inayosafisha, kung'arisha na kulinda kwa mpigo, inayo. Lebo yoyote inayosema inaondoa mikwaruzo inayo, hata kama ukiisugua kati ya vidole huhisi punje, maana punje za siku hizi ni ndogo mno kwa vidole. Hizo zote zikae mbali, isipokuwa umeshaamua kuuondoa utando na kupaka mwingine.

Waksi haina ubaya wa kukwangua. Karnauba, inayotajwa sana kwenye vikopo, ni nta inayotolewa kwenye majani ya mti wa Brazili ulio wa ukoo mmoja na michikichi yetu, na kwa gari tupu ni kinga ya heshima. Tatizo lake juu ya seramiki ni kwamba inakaa juu yake. Maji yanagusa waksi, hayagusi seramiki. Waksi inalainika kwenye joto, inashika vumbi, inaisha ndani ya wiki kadhaa, na ikiisha inaisha kwa viraka. Umelipia utando wa miaka kisha umeuvika nguo ya mwezi mmoja. Kijana anayeosha akikuuliza, "Mzee, niongeze waksi ing'ae?" jibu linalofaa ni, "Hapana mdogo wangu, wewe likaushe vizuri tu."

Kinachofaa ni spreyi ya silika, iliyo ya ukoo mmoja na utando wenyewe. Inaacha tabaka jembamba sana linalochukua madhara kwanza: doa la maji, kinyesi cha ndege, utomvu wa mwembe huangukia hilo kabla ya seramiki. Tabaka hilo hudumu wiki hadi miezi michache, na kuisha kwake si hasara, ndiyo kazi yake. Spreyi hizi ziko za namna mbili. Ya kwanza hupulizwa gari likiwa limelowa na kusukumwa na maji ya presha mara moja. Inapendwa kwa sababu ni haraka. Kwa hapa siipendekezi. Inadai presha nzuri, maji mengi, na kasi; ikikauka kabla hujafika na mpira wa maji inaacha michirizi iliyoganda, na suuza yenyewe ni ya maji ya madini unayojaribu kuyaepuka. Ya pili hupakwa wakati wa kukausha au baada yake, kwa kitambaa. Hiyo ndiyo ya Kigoma. Inalainisha mwendo wa taulo isikwaruze, na haihitaji maji baada yake.

Namna ya kuipaka inaamua zaidi kuliko jina lililo kwenye chupa. Gari liwe limesafishwa kwa ukamilifu, siyo kwa kukisia. Liwe kivulini, bodi baridi, na kama upepo wa ziwa unavuma pulizia kwenye kitambaa badala ya kwenye bodi. Mipulizo miwili au mitatu inatosha mlango mmoja. Tandaza kwa kitambaa cha kwanza hadi ukungu wake uonekane umeenea sawasawa, kisha mara moja kigeuze au chukua cha pili kilicho kikavu na ufute mpaka usione mchirizi. Nenda kipande kwa kipande. Usipulize gari zima kisha urudi kufuta. Tazama kwa kuinama, mwanga ukija kwa pembeni. Ukiona ukungu wa mafuta usioisha, umepaka nyingi; kitambaa chenye unyevunyevu kidogo kikifuatiwa na kikavu kitauondoa. Kurudia mara mbili siku hiyohiyo hakuongezi ulinzi, kunaongeza michirizi.

Gari likae kavu baada ya hapo, kwa muda uliotajwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni saa kadhaa hadi siku nzima. Spreyi ambayo haijashika ikinyeshewa hupata madoa kirahisi. Na kama utando wenyewe ni mpya, usiuharakishe: seramiki inataka siku ya kwanza bila maji kabisa na kama wiki moja bila shampuu, na spreyi isubiri ruhusa ya aliyepaka.

Watengenezaji wengi husema kila baada ya miezi miwili hadi minne. Kwa kalenda ya hapa ningepanga angalau mara mbili zisizokosekana: mwishoni mwa masika kabla vumbi la Juni halijaanza, na Oktoba kabla ya mvua, baada ya kulifunua gari kwa siki. Kati ya hizo, kinyesi cha ndege na cha popo kwenye miembe ya Ujiji kisingoje ratiba. Asidi yake hufanya kazi haraka juani. Seramiki inakupa saa za ziada, haikupi siku. Kiloweshe, kisubiri kilainike, kiinue bila kusugua.

Dawa ya kung'arisha matairi nayo ni bidhaa ya kumalizia, na wengi hawaihesabu. Ikipakwa nyingi na gari likaondoka papo hapo, tairi linairusha kwenye milango, na mafuta yake ya silikoni yanatanda juu ya utando. Ipake kidogo, ifute, liache gari likae kwanza kabla ya kuliondoa.

Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe peke yake, visichanganywe na pamba inayotoa nyuzi, kwa sabuni ya maji, bila jiki na bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huziba nyuzi, na kitambaa kilichozibwa hakinyonyi, kinapaka. Mara nyingi michirizi inayolaumiwa kwa spreyi imetoka kwenye kitambaa.

Utando ukiwa umeisha kweli

Siku inafika. Umesafisha, umeondoa magadi, umeondoa chuma, na maji bado yamelala kote. Hapo polishi ni halali, kwa kuwa kinachosuguliwa kimeshakufa, lakini kila kupiga polishi kunaondoa klia kidogo pia. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yameshang'arishwa kwa mashine kabla ya kupanda meli, kwa hiyo klia iliyobaki inaweza kuwa nyembamba kuliko unavyodhani. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi apewe nafasi kabla ya mwenye mashine tu.

Gari lililopulizwa rangi upya ni kesi yake. Rangi inayokaushwa kwa hewa, bila tanuri, huendelea kutoa kiyeyushi kwa wiki kadhaa hata ikionekana imekauka, na seramiki ikipakwa mapema inaufungia ule mvuke chini. Ngoja mwezi, au muda uliotajwa na mtengenezaji wa rangi. Kisha sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi sehemu iliyojificha, ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, aliyepuliza hakuweka klia, na fundi wa seramiki anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajawasha mashine.